Nguzo za Bindang

Mzee Ngumbang alikata roho Jumanne asubuhi, na wakati huo mkwewe Gerunsin alikuwa ng'ambo ya mto, mlimani, amekumbatia nguzo.

Hakuikumbatia kwa mapenzi. Kitako cha nguzo kilikuwa kimeoza, na mpilipili manga ulioikwea, mzito kama mtu mzima aliyelowa mvua, mashuke mabichi yakining'inia toka juu hadi chini, ulikuwa unaivuta ilale. Gerunsin aliizuia kwa bega. Kwa mkono mmoja alipapasa nyasi akitafuta mti wenye panda aliokuwa ameukata, auegemeze pale kabla shina la mpilipili halijapasuka. Mpilipili ukilala pamoja na nguzo yake, shina hupasuka pale chini kwenye udongo, na ukishapasuka umekwisha. Huwezi kuubandua ukaupandisha kwenye nguzo nyingine. Mizizi yake midogo imeng'ang'ania mti kama vidole vya mtoto mwenye homa.

Sauti ya jirani yake Mancha ilivuka mto.

"Baba Lemai! Shuka!"

"Nina nguzo begani!"

"Itue!"

"Nikiitua inakufa!"

"Na huku pia kumekufa! Mkweo ametuacha! Shuka!"

Gerunsin alibaki vilevile, jasho likimwingia machoni. Tuseme ukweli. Jambo la kwanza kumjia kichwani halikuwa msiba. Zilikuwa siku tatu.

Katika nyumba ile ndefu, milango kumi na tisa chini ya paa moja, mtu akizikwa, siku tatu hakuna anayekwenda shamba. Hakuna anayekata kitu kibichi, hakuna anayechimba, hakuna anayevuka mto kwa kazi. Wamo waliobatizwa na wamo ambao hawakubatizwa, lakini kwa hilo wote ni kitu kimoja. Na Gerunsin alikuwa akipoteza nguzo tano sita kwa siku hata akiwa pale pale, anakimbia huku na huku na miti yake ya panda. Mwanzoni zilikuwa mia mbili tisini na nane. Asubuhi ile zilikuwa zimebaki mia mbili na kumi. Mavuno bado wiki tatu.

Akaupata mti wake, akaiegemeza ile moja. Kisha akashuka kwenda kumlilia mkwewe.

Nguzo ya mpilipili hutakiwa iwe ya belian, mti mweusi mzito kama chuma, unaozama majini. Belian humzika aliyeuchimbia, ukamzika na mwanawe. Lakini belian wa karibu ulikwisha zamani, na wa mbali ulitaka kibali, lori, na mtu wa kujuana naye. Gerunsin hakuwa na hata kimoja. Alichokuwa nacho ni msumeno wa injini aliorudi nao kutoka kambi za magogo, alikofanya kazi miaka kumi na minne, pamoja na elimu ya huko. Kule kambini bindang ndio uliopakiwa wa kwanza. Mti mrefu, mnyoofu, wa ukoo mmoja na misonobari, mweupe ndani, unapasuka vizuri kama mkate. Meli zilitoka nchi za mbali kuufuata. Gerunsin akahitimisha: mti unaotafutwa namna ile hauwezi kuwa mti mbovu.

Hakuna aliyemwambia kwamba wanaoupeleka huko mbali wanaupeleka ukakae ndani ya nyumba, pakavu.

Bindang iliyokuwa karibu ilikuwa ya mkwewe. Miti kumi na minne, kwenye tuta la mchanga mweupe nyuma ya nyumba, mahali ambapo hata mhogo hauoti. Babu yake Ngumbang aliikuta imesimama akaanza kuigema, akamwachia mwanawe, naye akamwachia Ngumbang. Sandarusi yake, utomvu unaoganda kama kioo, iliziba mitumbwi ya mto mzima na kuwasha mienge kabla mafuta ya taa hayajafika. Siku hizi wanunuzi walikuwa wachache, lakini mzee hakuacha kwenda. Kila baada ya wiki mbili alipanda tutani, akakwangua gome upana wa viganja viwili, kina cha ukucha, si zaidi, akakusanya machozi yaliyoganda, akarudi.

Mwaka Gerunsin alipokuwa akitafuta nguzo, mzee alipelekwa mjini kutibiwa mtoto wa jicho, akakaa huko kwa mwanawe miezi miwili. Aliporudi na macho yake mapya, kitu cha kwanza alichokiona vizuri ni visiki kumi na kimoja.

Kesi iliamuliwa ukumbini, mbele ya milango yote. Gerunsin alitoa nguruwe, kuku wawili na mtungi wa kale, kama mila inavyotaka. Angenyamaza hapo yangekwisha. Lakini mzee akauliza swali moja.

"Nilikukosea nini, mwanangu?"

Na Gerunsin, mwanamume aliyeoa akahamia kwa mkewe, anayelala katika chumba cha mkewe na kula katika sahani za mkewe, akapandwa na hasira ya mtu anayejua amekosa.

"Hukunikosea. Miti ilikuwa imesimama tu, haina kazi. Mimi nitaipa kazi. Na pilipili yangu isipozaa, nachukua panga langu naondoka nyumba hii, mtu asinifuate."

Sanggau, mkuu wa nyumba, akasema, "Tumesikia."

Kwao neno hilo ni msumari uliokwisha kupigiliwa. Na Gerunsin aondoke aende wapi? Nyumba ndefu alimozaliwa ilifunikwa na maji bwawa lilipojengwa. Ndugu zake walitawanyika. Kwao walibaki samaki.

Mzee alifika bustanini mara moja tu, mwaka wa pili, mipilipili ilipokuwa nusu ya nguzo. Alipita katikati ya mistari, mikono nyuma, kama daktari wodini. Gerunsin alikuwa amepiga magoti, anarundika udongo na samadi kwenye shina.

"Unafanya nini hapo?"

"Naulisha, baba. Huu usipolishwa hauzai. Udongo mpya, samadi, maji, kufunga kamba, kupogoa. Hata Jumapili hauna dini."

"Kama umeoa binti wa mkuu."

"Lakini unazaa."

"Na hawa unaowapakia samadi miguuni?" Mzee akaigonga nguzo kwa kifundo cha kidole. "Hawa ni watu wa mchangani. Hawakuzoea kula. Bindang unataka mambo mawili tu: miguu mikavu, na wewe uende zako."

"Hii imeshakufa, baba. Nguzo haili."

"Haili. Inaliwa."

Mzee akainama, akafukua udongo laini kwa vidole viwili. Mchwa wakatawanyika.

"Mwaka wa tatu zitalala," akasema. "Ungeniletea kabla hujazichimbia, tungechoma vitako tukavipaka sandarusi ya moto. Zingekupa miaka mitano sita, ukapata nafasi ya kutafuta belian."

"Sandarusi ipi tena, baba?"

Mzee akamtazama kwa yale macho yake mapya.

"Kweli," akasema. "Sandarusi ipi tena."

Akashuka mlima, asirudi tena. Gerunsin alibaki na jembe mkononi, na tangu siku ile alijua. Alijua, na hakuwa na la kufanya. Akiuondoa udongo, mpilipili utakufa njaa. Akiuacha, nguzo itaoza. Alichompa mmoja kilimla mwingine. Akaendelea kulisha, akiomba pilipili imuwahi mchwa.

Walimzika mzee Jumatano. Siku tatu zikaanza kuhesabiwa.

Alhamisi Gerunsin alikaa kwenye jukwaa la nje, pale wanapoanika mpunga. Kutoka hapo mlima wa ng'ambo unaonekana wote, udongo mwekundu na mipilipili yake imesimama kama watu waliovaa kijani kibichi. Palipokosekana mtu palikuwa na pengo, kama la jino lililong'oka.

Mancha akaja na bakuli la pombe ya mchele, akakaa kando yake.

"Kunywa, Baba Lemai."

"Sinywi."

"Unahesabu."

"Sihesabu."

"Midomo yako inacheza."

Gerunsin akafunga mdomo. Kisha akasema, "Mia moja tisini na nne."

"Na jana?"

"Mia mbili na tatu."

Mancha akanywa mwenyewe. "Mke wangu anasema mzee ndiye anayezivuta, moja moja, kwa kamba. Nikamwambia mzee hakuwa na roho hiyo. Angezivuta zote siku moja, akapumzike."

Gerunsin hakucheka. Mancha naye, baada ya kuyasema, aliona hayachekeshi sana.

Usiku mvua ikanyesha. Ijumaa asubuhi zilikuwa mia moja sabini na moja, na katika mstari wa chini karibu na kijito hakukuwa na kitu kilichosimama. Gerunsin alikwenda kwa Sanggau, akamkuta ukumbini anasokota tumbaku.

"Mkuu, hakuna njia?"

"Njia ya nini?"

"Nyumba ikishika moto siku za msiba, watu hawazimi?"

"Wanazima."

"Mto ukifurika, mitumbwi haifungwi?"

"Inafungwa."

"Basi."

"Basi nini? Moto haombewi ruhusa na mtu aliyeuwasha." Sanggau akalamba karatasi yake ya tumbaku. "Lakini si mimi ninayekuzuia. Msiba una mwenyewe, na mfiwa ni mkeo. Yeye akisema vuka, utavuka. Utachinja jogoo, na hakuna atakayekuuliza kitu. Kamwambie."

"Mkuu, niombee wewe."

"Mimi?" Sanggau akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Mimi nami nalala humu humu, bwana."

Mkewe, Sulau, alikuwa chumbani, ameketi juu ya mkeka wa baba yake, nywele zimefunguliwa mpaka kiunoni. Tangu miti ile ikatwe, miaka mitatu, alikuwa hajasema neno juu yake. Alipika, akapakua, akafua, akauliza kama mumewe ameshiba. Kuhusu bindang, hata neno moja. Gerunsin mwanzoni alidhani amesamehewa. Kisha akaelewa, na tangu hapo chakula kile kilikuwa kinampita kooni kama makapi.

"Mama Lemai."

"Mm."

"Nguzo zinaanguka."

"Naziona. Nina macho."

"Mkuu anasema wewe ukiniruhusu, navuka. Leo na kesho tu. Nitaegemeza zile za juu, zile za juu nikiwahi naweza kupata hamsini, hata sitini…"

"Ulimwomba baba ruhusa ulipokata miti yake?"

Gerunsin akatazama sakafu.

"Nakuuliza."

"Sikumwomba."

"Mbona mimi unaniomba?"

Gerunsin akachuchumaa mbele yake.

"Mimi nitakwambia," Sulau akasema, bila kupaza sauti. "Leo unatazamwa. Siku ile hakukuwa na mtu wa kukutazama. Sasa sikukatazi, wala sikuruhusu. Panga lako lile pale mlangoni. Mtumbwi unajua ulipofungwa. Fanya kama ulivyozoea."

Akalichukua panga. Alipita ukumbi mzima, mlango baada ya mlango, na watu waliokuwa wameketi wakamwona panga kiunoni, wakakunja miguu apite. Hata mbwa hawakumfuata. Akashuka ngazi ya gogo, akaingia mtumbwini, akafungua kamba.

Mtumbwi ukaanza kwenda. Aliona mlima mbele yake. Aliona nguzo moja ya mstari wa tano inayumba, akajua ni ipi. Ilikuwa na mashuke mengi kuliko zote. Mwili wake wote ulikuwa umeshavuka. Akifika sasa ataiwahi ile, na ya jirani yake, na ya jirani yake.

Kisha akapata fikira moja mbaya, na ikamkamata mkono. Bustani hii alikuwa anaiokoa ili abaki katika chumba cha Sulau. Na njia ya kuiokoa ilikuwa ni kumkanyaga Sulau na kupita.

Akashika mzizi wa ukingo wa nyumbani. Mtumbwi ukazunguka, ukasimama. Haukuwa wema. Mtu asimsifu. Aliogopa, kama mtu anavyoogopa kuweka uzito kwenye ubao asioujua. Alikaa pale ameshika mzizi mpaka kiganja kikamfa ganzi, na mbele yake ile nguzo ya mstari wa tano ikalala, taratibu, kama mgonjwa anayegeuka kitandani.

Akafunga mtumbwi. Akarudisha panga mlangoni. Sulau hakuinua kichwa.

Jumamosi alasiri ulikuja upepo. Ulianza juu kwenye msitu, ukashuka na mvua nyuma yake, na nyumba yote ikatoka kwenda jukwaani kuondoa mikeka. Halafu wakaacha mikeka wakasimama, kwa sababu mlima ulikuwa unakaa chini. Nguzo moja ilimwegemea mwenzake, mwenzake akamwegemea wa tatu, na mstari mzima ukalala. Kisha mstari wa pili. Kwa kishindo cha mvua hawakusikia kitu. Waliona tu kijani kikishuka na wekundu ukitokea.

Gerunsin alipiga ukelele ambao hakuna aliyejua mtu anaweza kuutoa. Akataka kuruka kutoka jukwaani. Mancha na mwanamume mwingine wakamdaka, akampiga Mancha kifuani, akamwuma mkono.

"Niache! Niache, nimeshakufa, niache!"

"Utavunjika miguu, mjinga wewe! Kaa!"

"Wiki mbili! Zilibaki wiki mbili na kitu!"

"Kaa, ndugu yangu. Kaa chini."

Mwanamke mmoja wa mlango wa mwisho akaanza kulia kilio cha matanga, kile cha kuita jina la marehemu. Wengine wakapokea. Kama walikuwa wanamlilia Ngumbang au kitu kingine, hapakuwa na wa kuuliza.

Jumapili, siku tatu zilipokwisha, alivuka alfajiri. Zilikuwa zimesimama thelathini na nane. Zote zilikuwa pembeni kabisa juu, penye changarawe, ambako maji hayatuami na ambako yeye samadi ilimwishia kila mara kabla hajafika. Miaka yote mitatu aliona aibu juu ya mistari ile. Mipilipili yake ilikuwa myembamba, majani machache, mashuke mafupi. Walioshiba ndio waliolala.

Hakuegemeza kitu. Alirudi nyumbani, akatia mashati mawili na blanketi kwenye kapu lake la mgongoni, akachukua panga, akatoka ukumbini. Watu walikuwepo. Sulau alikuwa ndani. Alikuwa amemwona akifunga kapu, akaendelea kukunja mkeka wa baba yake.

Mancha alikuwa ameketi njiani, mkono umefungwa kitambaa.

"Unakwenda wapi?"

"Nilisema mbele yenu."

"Ulisema isipozaa. Imezaa, haijazaa?"

"Nenda kaangalie."

"Nimeangalia. Zimesimama ngapi?"

"Thelathini na nane. Takataka."

Mancha akageuza shingo. "Mkuu! Huyu alisema magunia mangapi?"

Sanggau akafikiri. "Hakusema magunia."

"Basi hata ikijaa kijiko. Nguruwe akizaa mtoto mmoja, hajazaa?"

"Zitaanguka na hizo, Mancha," Gerunsin akasema. "Acha mchezo."

"Zikianguka utakwenda. Una haraka ya nini? Huko kwenu hata ukichelewa, maji hayatakauka."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Sanggau hakucheka.

"Alisema isipozaa," akasema. "Tungoje mavuno."

Wiki zile Gerunsin hakuziishi kama mtu. Alihamia kwenye kibanda cha bustanini, akala wali baridi na chumvi. Alikata miti ya panda mpaka vichaka vya karibu vikaisha, akaifuata mbali. Kila nguzo aliizungushia mitatu, akaifunga kwa nyuzi za magome. Udongo aliourundika kwa miaka mitatu aliufukua kwa mikono, apate kukausha vitako, na mipilipili ikaanza kugeuka manjano kwa njaa. Akaona anaua huku akiokoa kule, akaurudishia udongo nusu. Akaona mchwa wamerudi, akaufukua tena. Wakati mwingine aliongea na nguzo. Aliziomba. Ziliposikia zikamdharau, alizitukana mama zao, kisha akakumbuka mama zao aliwakata yeye.

Mancha alikuja mara mbili na mzigo wa miti, akaitupa chini.

"Unanuka kama panya wa mtoni."

"Shika hapa."

"Nimeshika. Mkeo anauliza kama una chumvi."

"Amesema hivyo?"

"Hakusema. Alinipa chumvi."

Ziliporomoka moja baada ya nyingine. Ishirini na tisa. Ishirini na mbili. Siku ambayo shuke la kwanza lilikuwa na punje nyekundu zilikuwa kumi na tisa. Alipochuma zilikuwa kumi na saba, na alichuma shuke moja moja kwa ncha za vidole, akihofia kuziangusha nguzo mwenyewe. Punje alizitia guniani, akazilaza kwenye kijito siku tisa, akakaa ukingoni kulinda gunia kana kwamba kuna mwizi wa kitu kile. Akazikanyaga maganda yakatoka, akaziosha, akazianika mpaka zikawa nyeupe.

Akazileta ukumbini ndani ya beseni moja la kunawia, akazimimina kwenye mkeka mbele ya Sanggau. Ilikuwa jioni mapema, watu wametoka mashambani, wakasogea. Rundo lilikuwa dogo. Lilionekana dogo zaidi kwa kuwa mkeka ulikuwa mkubwa.

Mancha akachungulia. "Kwa hii, hata kuku wangu hapigi chafya."

"Nyamaza," Gerunsin akasema. Hakuwa na nguvu ya zaidi.

Sanggau akazigusa kwa kidole. Akamtazama Gerunsin, mashavu yaliyobonyea, kucha zilizovunjika. "Mimi siamui," akasema. "Chumba atakamobaki au atakamotoka si changu. Mama Lemai!"

Sulau akatoka. Alikuwa bado na kitambaa cha msiba. Akapiga magoti, akachota punje, akanusa, akaitia moja mdomoni na kuitafuna. Ukumbi mzima ukasikia punje ikivunjika. Gerunsin alijiona amesimama kwenye mtumbwi usio na kamba.

"Imezaa," Sulau akasema.

Mtu akapumua kwa nguvu. Huenda alikuwa Mancha. Gerunsin akakaa palepale sakafuni. Lakini mkewe alikuwa hajamaliza.

"Ulisema isipozaa utaondoka. Ikizaa, hukusema utafanya nini. Nitasema mimi. Chini ya ile miti mitatu ya baba iliyobaki kuna miche imejiotea. Utahamisha kumi na mmoja, uipande penye visiki. Halafu utakaa mpaka igemwe."

Hata Sanggau aligeuza kichwa. Kila mtu pale alijua bindang hugemwa ukiwa na unene wa kukumbatiwa, na kwenye mchanga ule unene huo ni miaka thelathini, pengine arobaini.

"Mama Lemai. Nina miaka hamsini na miwili."

"Najua. Mimi nina arobaini na tisa."

"Nipe kitu cha kufanya. Kitu cha mwaka huu. Ile miche ukishaipanda haina kazi. Ni kuiacha tu."

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Na nikifa kabla haijagemwa?"

Sulau alikuwa anazirudisha punje kwenye beseni, kwa viganja viwili, asipoteze hata moja. Akainuka nalo.

"Basi utafia hapa," akasema, akaingia ndani.